Kipande Kilichozikwa Ifunda

Mimi kazi yangu ni mdomo. Nasema mapema ili tuelewane. Naitwa Upendo, nakaa Ilomba hapa Mbeya, mama wa watoto wawili, na wengi mnaonijua mnaniita MC. Sendofu, kicheni pati, harusi, kipaimara, hata kuaga wastaafu, nimeshika kipaza sauti miaka kumi na mitatu. Nikisema simameni, watu wanasimama. Nikimwambia bibi harusi aache kulia poda inaharibika, anaacha. Mume wangu, Baba Lusajo, ni fundi pikipiki Iyunga, mtu wa maneno machache. Huwa anasema maneno yote ya nyumba niliyachukua mimi, yeye akabaki na spana.

Sikuwa mtu wa kuumwa. Malaria mara mojamoja, mafua ya Juni kama kila mtu wa huku kwenye baridi, basi. Ndiyo maana gego langu la chini, upande wa kushoto, lilipoanza kucheza, sikulitilia maanani. Halikuwa na tundu. Halikuuma. Lilicheza tu, nikilisukuma na ulimi linaenda na kurudi.

Nilikwenda kwenye zahanati moja ya mtaani. Yule tabibu wa meno, kijana mpole, alichungulia akasema, "Mama, jino zima halichezi bila sababu. Nenda kapige picha ya taya kwanza, halafu urudi." Nikamwambia nina sendofu saa kumi, ang'oe. Akasema afadhali picha. Nikamwambia wewe mwanangu, jino ni la kwangu au la kwako? Aling'oa. Kosa hilo ni langu, simtupii mtu. Miezi minane baadaye jino la jirani yake nalo likaanza kucheza, nikaenda kwingine ambako hawakuniuliza, nalo likang'olewa. Mashimo yote mawili yalichelewa kupona, yakawa yanatoa maji yenye chumvichumvi, na mimi nasukutua na maji ya chumvi juu yake.

Uvimbe wenyewe siwezi kusema ulianza siku gani. Haukuuma, na kitu kisichouma nani anakihesabia siku? Watu waliniambia, "MC, umenenepa, ndoa imekukubali." Nikafurahi! Nilikuwa natafuna upande wa kulia tu, mahindi ya kuchoma nikaacha, nikasema ni uzee unanikaribia. Usoni nikawa nalaza wigi upande wa kushoto. Nikiminya shavu nasikia kitu kigumu, mfupa kabisa, sio nyama.

Aliyenifumbua macho nusu ni Frenk, kijana wetu wa kupiga video za harusi. Siku moja Mbalizi tunasubiri maharusi nikamuuliza kwa nini siku hizi kila video niko upande mmoja tu. Akainamisha kichwa, akajidai anafuta lenzi. Nikamwambia sema. Akasema, "MC, mimi nilianza kukuchukua upande wa kulia tangu mwaka juzi. Wa kushoto haukai vizuri kwenye picha."

Mwaka juzi! Kijana alikuwa anajua uso wangu kuliko mimi mwenyewe. Nilikasirika, nikamnunia shughuli nzima. Nyumbani nikakaa na simu, nikatazama video zangu zote za nyuma, moja baada ya nyingine. Alikuwa anasema kweli. Kwenye harusi ya miaka minne iliyopita uso ulikuwa sawa. Kwenye ya miaka mitatu, kama nimeweka pipi shavuni. Kwenye ya mwaka huo, pipi imekuwa limao. Niliogopa, na kwa sababu niliogopa nikanyamaza. Mimi, wa kunyamaza.

Mwezi uliofuata nilikwenda kwetu Ifunda, Iringa, kwenye kipaimara cha mtoto wa kaka yangu. Mama yangu alinipokea mlangoni. "Kamwene," akanisalimia kwa kilugha chetu, na kabla sijajibu akanishika kidevu kwa mikono miwili, akanigeuza huku na huku.

"Umenenepa?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Nakula."

"Huu siyo unene, Upendo. Unene una pande mbili."

Kesho yake, wali wa kipaimara haujaisha, mama alikuwa ameshavaa kitenge chake cha safari. Tulikwenda wote hospitali Iringa mjini. Nataka mlikumbuke hilo mtakapotaka kumhukumu mbele ya safari: aliyenipeleka hospitali ni yeye.

Daktari wa meno alikuwa binti mdogo, mdogo kiasi kwamba nilitaka kumuuliza mwenyewe yuko wapi. Lakini mikono yake ilikuwa haina haraka. Alipapasa taya kwa nje, akapapasa kwa ndani, akabonyeza sehemu moja kwa kidole gumba, na mimi nikasikia mfupa unabonyea kidogo na kulia, kama ganda la yai. Nilishtuka. Hakushtuka yeye. Akaniuliza kama mdomo una ganzi, kama napungua uzito, kama nina mtoki shingoni. Akauliza imeanza lini. Nikampa simu yangu, nikamwonyesha video. Akazitazama zote kwa kufuata miaka, akasema, "Mama, hakuna mgonjwa aliyewahi kuniletea historia nzuri namna hii." Nikajisikia vizuri, mjinga mimi, kama nimefaulu mtihani.

Picha ya taya ilipotoka aliiweka kwenye kioo chenye mwanga. Upande wa kulia mfupa mweupe, mzima. Upande wa kushoto, kuanzia penye mapengo mpaka karibu na sikio, matundu meusi makubwa na madogo yamebanana, kama povu la sabuni kwenye beseni. Mama akasema, "Yesu wangu." Daktari akachoma sindano nene ndani ya uvimbe, akavuta maji ya rangi ya chai ya rangi iliyofifia.

"Ni kansa?" nikauliza.

"Sijui."

"Wewe daktari unasema hujui?"

"Ndiyo, mama. Kwa picha hii naweza kufikiria magonjwa matatu au manne, na mengi kati ya hayo siyo saratani. Lakini dawa yake haifanani. Mwingine unakwanguliwa unapona, mwingine ukikwanguliwa unarudi na hasira. Nikibahatisha, wewe ndiye utakayelipa kwa taya lako. Lazima nikate kipande kidogo kisomwe kwenye darubini."

Alinipiga ganzi akakata kipande ukubwa wa harage, akashona nyuzi mbili. Kipande akakitia kwenye kikopo cha plastiki chenye dawa kali inayochoma pua, akabandika jina langu, akaniandikia karatasi. Maabara inayosoma nyama ilikuwa Mbeya, na mimi nilikuwa narudi Mbeya. "Ukikipeleka mwenyewe kitafika mapema," akasema. "Usikifungue. Na usimpe mtu." Nikasema sawa.

Tukarudi Ifunda nilale siku moja kwa sababu shavu lilikuwa limevimba. Nilimeza dawa za maumivu, nikaweka kikopo kwenye kabati la vyombo, nikalala mchana kutwa. Mama alinichinjia kuku anitengenezee supu, maana kutafuna nisingeweza. Supu ilikuwa tamu. Asubuhi nikapanda basi na kikopo changu kwenye mkoba, nikakikabidhi maabara, nikaambiwa majibu wiki tatu.

Wiki tatu hizo, ndugu zangu, msiombe ziwapate. Ilomba nzima ilijua. Mmoja akaja kunipa pole akasema, "Wamekukata? Mbona wamekuua. Uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa." Mwingine akasema kuna MC mwenzangu ameninuia mabaya. Nikawa siwezi kula, nikapungua, na nilipopungua wakasema mnaona, si tulisema. Usiku nasali, mchana natabasamu.

Sasa mimi nina ugonjwa wa ratiba. Kila shughuli naandika ratiba kwenye daftari, nani anaanza, nani anafuata, dakika ngapi. Siku moja nimekaa peke yangu nikaandika ya msiba wangu. Sala ya ufunguzi. Wasifu wa marehemu, nikamweka kaka yangu. Majirani. Kwaya nyimbo mbili, siyo tatu, maana kwaya zetu zikianza haziachii. Neno la mume. Niliandika nimetulia kabisa, kama kazi ya mteja.

Baba Lusajo aliikuta. Nilimkuta amekaa jikoni na daftari mapajani, na mafuta ya pikipiki bado mikononi.

"Umenipa dakika tano," akasema.

Nikanyoosha mkono nilichukue daftari, akalishika.

"Miaka kumi na tano nakaa na wewe, Upendo. Dakika tano?" Akaanza kulia, mwanaume ambaye sijawahi kumwona akilia hata alipozika baba yake. Akachana ile karatasi. "Hujafa. Hakuna aliyesema unakufa. Subiri majibu." Nililia na mimi. Ni siku hiyo nilipoelewa kwamba siogopi kufa kama ninavyoogopa kutojua.

Siku ya majibu tuliitwa wote wawili, siyo dirishani kama watu wengine, ila ofisini. Nikasema basi, ni hiyo. Daktari wa maabara alikuwa mzee mwenye miwani na sweta la kufumwa, mpole, anaongea polepole. Alikuwa ameweka kile kikopo mezani.

"Mama, hiki kikopo kimepita mikononi mwa nani?"

"Mwangu tu."

"Hukukifungua?"

"Hata kidogo."

Akavua miwani. "Mimi kazi yangu ni kusoma nyama za watu. Hii siyo ya mtu. Nimeisoma mara mbili, nikamwita na mwenzangu. Ni nyama ya ndege. Na kama ukiniuliza siyo kama daktari, ila kama mtu anayekula kuku, nitakuambia ni firigisi."

Baba Lusajo akanitazama. Mimi nikatazama kikopo. Kucheka nilitaka, kulia nilitaka, na shavu lilikuwa linavuta. Wiki tatu nimeandika ratiba ya msiba kwa sababu ya firigisi!

Nilitoka nje nikampigia mama. "Mama, ulifanya nini na kile kikopo?"

Nikamsikia anavuta kiti.

"Mama."

"Kikopo nilikuachia," akasema.

"Na kilichokuwa ndani?"

"Nilikizika. Nyuma ya nyumba, pale nilipozika kitovu chako."

Nikamuuliza na firigisi je. Akasema aliona kikopo kitupu kitanitia matatizoni na wakubwa wa hospitali, akaona nyama ni nyama. Nilimfokea. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake, tena kwa simu, tena watu wanapita. Nikamwambia ananiua. Aliacha nimalize. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mguu wa baba yako mpaka leo sijui uko wapi."

Baba yangu alikatwa mguu kwa ajili ya sukari mimi nikiwa sekondari, katika hospitali ya mbali huko. Mama aliuliza mguu, akaambiwa usijali mama, hayo yanashughulikiwa. Hakuuliza tena, aliona haya. Mwaka uliofuata baba akafariki, tukamzika. Kwetu mtu anazikwa mzima, na kipande chake hakizururi. Mama alikuwa amemzika mume wake pungufu, na miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia mtu kwamba jambo hilo linamkosesha usingizi. Mimi mwanawe mwenye mdomo mrefu hivi sikuwahi kumuuliza. Halafu anakuja kuona nyama ya binti yake kwenye kikopo ipande basi, iachwe kwa watu asiowajua. Alifungua, dawa ikamchoma macho, akaitoa kwa kijiko, akaifunga kwenye kitambaa safi, akasali, akaizika.

Nilirudi ofisini nikamweleza yule mzee kila kitu. Nilitegemea atacheka au atafoka. Hakufanya hivyo. Akasema, "Mwambie mama aje. Nina cha kumwonyesha. Na wewe tukukate tena wiki hii, maana tumeshachelewa."

Baba Lusajo akasita. "Kisu mara ya pili, daktari?"

Kabla daktari hajajibu nikajibu mimi. "Baba Lusajo, kilichokatwa kwanza kiko Ifunda wiki tatu na mimi niko hapa nabishana na wewe. Wakate."

Walikata hapohapo Mbeya, na safari hii kikopo kilitembea korido moja tu. Mama alifika kesho yake na mfuko wa viazi na aibu yake. Aliniomba radhi, na mimi nikapiga magoti nikamwomba yeye, pale kwenye benchi la hospitali, watu wanatushangaa. "Ndaga, mama," Baba Lusajo akamshukuru kwa Kinyakyusa chake, akambebea mfuko.

Yule mzee alimpeleka mama maabara. Akafungua droo, na ndani kuna vipande vidogo vya nta vimepangwa, kila kimoja kina namba. Akamweleza kwamba nyama ikishaletwa inawekwa ndani ya nta, inakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi kwa ajili ya darubini, na kinachobaki kinatunzwa humuhumu, kwa namba ya mtu, na kwenye daftari jina lake lipo.

"Hakitupwi?" mama akauliza.

"Hakitupwi."

"Hata mtu akifa?"

"Hata akifa. Mwanawe akiumwa miaka ijayo, tunaweza kurudi kukitazama."

Mama akashika meza. Akataka kuona changu, akaambiwa bado kinaandaliwa. Akasema atasubiri. Alikaa kwangu siku tisa, na siku ya tisa tukaitwa.

Safari hii mzee alituchungulisha kwenye darubini kabla ya kusema lolote. Mimi niliona rangi ya waridi na zambarau, vijisiwa vingi, na kila kisiwa kimezungukwa pembeni na vijidoa vilivyosimama mstari mmoja. Mama akachungulia muda mrefu. Akasema, "Mbona ni mzuri hivi?"

Daktari akatabasamu. "Ni mzuri kuutazama, mama, ila hauna adabu. Unaitwa ameloblastoma. Mtoto akiwa tumboni kuna chembechembe zinazotengeneza gamba la nje la jino. Zikimaliza kazi zinatakiwa ziondoke. Kwa binti yako zingine zilibaki, zikaanza kukua zenyewe. Siyo kansa. Ni nadra sana kuhamia kwingine mwilini. Lakini unakula mfupa, na tukiuacha, siku moja taya litavunjika akipiga mwayo."

"Kwa hiyo hafi," mama akasema.

"Kwa ugonjwa huu akitibiwa, hafi."

Mama alikaa sakafuni. Hakudondoka, alikaa tu, akanyoosha miguu kama yuko kwake, akaanza kuimba pole pole wimbo wa kanisani. Hakuna aliyemwinua. Mimi nilimwomba daktari aliandike lile jina kwenye karatasi, nikawa nalisoma njia nzima mpaka Ilomba. Ugonjwa ukiwa na jina unaweza kugombana nao.

Furaha ilidumu mpaka nilipokutana na daktari wa upasuaji. Yeye hakuzunguka. Alisema atakata mfupa wa taya la kushoto, kuanzia mbele ya mapengo mpaka karibu na sikio, na kidogo cha mfupa mzima kila upande ili asiache mizizi, halafu ataweka bamba la chuma lishikilie. Nikamuuliza hawezi kukwangua tu? Akasema anaweza, na ndani ya miaka michache nitarudi, na hapo atakata zaidi. Nikamuuliza kile nilichotaka kuuliza tangu mwanzo.

"Nitaongea?"

"Utaongea. Lakini mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini upo ndani ya uvimbe, utaondoka nao. Nusu ya mdomo wa chini itakufa ganzi. Labda moja kwa moja. Itabidi ujifunze upya."

Kwa mtu mwingine ganzi ya mdomo ni nini? Kwangu ilikuwa ni kazi, ni ada za watoto, ni mimi mwenyewe. Nilikwenda nyumbani nikasema siendi. Siku nne nilisema siendi. Mama ndiye aliyenimaliza. Alisema, "Baba yako alikataa kukatwa miezi mitatu. Wangekata kidole tu. Alipokubali wakakata mguu." Nikapanga nguo.

Upasuaji ulichukua nusu siku. Niliamka na mrija puani, shingo imefungwa, uso umevimba kiasi kwamba Lusajo, mwanangu mkubwa, alisimama mlangoni akaogopa kuingia. Siku kumi nililishwa kwa mrija: uji mwepesi uliochujwa, maziwa, supu iliyosagwa. Baba Lusajo alijifunza kuchuja uji na kitambaa mpaka manesi wakamwita awafundishe wengine. Niliongea kwa kuandika kwenye daftari, na niwaambie ukweli, mtu mwenye hasira akiandika anaandika vibaya sana. Mate yalikuwa yananitoka bila mimi kujua. Kunywa chai kwenye kikombe nilikuwa najimwagia, nahisi nimekunywa kumbe iko kwenye kanga.

Taya lililotolewa lilikwenda maabara lote, na mama aliliruhusu mwenyewe. Alimuuliza daktari namba yake itakuwa ngapi, akaiandika nyuma ya kitabu chake cha nyimbo. Majibu yalisema kingo zote safi. Uvimbe umetoka wote.

Kuongea kulirudi kwa shida. Herufi zinazotaka midomo yote miwili igusane ndizo zilizokuwa adui: b, m, p. Na kazi yangu inaanza na "mabibi na mabwana"! Asubuhi nilikuwa nasimama mbele ya kioo nasema mabibi na mabwana mara hamsini, mate yananitoka, watoto wanacheka, mimi nawafukuza. Mwezi wa tano baada ya kukatwa ikatoka safi. Nilirudi kazini kwa kicheni pati moja ndogo Mbalizi. Nikawaambia wageni mapema kabisa, "Nimekatwa taya, nina chuma humu ndani, mdomo wangu upande huu hausikii. Mkiona nimedondosha mate, mniambie, msipige picha." Wakacheka, wakapiga vigelegele, tukaendelea. Frenk alinichukua pande zote mbili. Upande wa kushoto umebonyea kidogo sasa. Na ubonyee.

Sasa nawashauri, na mniruhusu nifoke kidogo. Jino zima lisilooza likicheza, msing'oe kwa haraka ya sendofu. Pigeni picha. Uvimbe usiouma msiusifie kwa sababu hauumi, wangu haukuuma na umekula nusu ya taya. Daktari akisema hajui mpaka asome kipande, huyo ndiye daktari, msimkimbie. Msiogope kisu, ogopeni kukaa miaka mitatu mnalaza wigi. Na mkishapona rudini mkapigwe picha kila mnapoitwa, mimi bado narudi, maana uvimbe huu unaweza kuchungulia tena hata baada ya miaka mingi. Na jambo la mwisho, hili nalisema kwa heshima: kama kwenu kuna mila kuhusu kipande cha mwili wa mtu, mwambieni daktari wazi. Ulizeni kinakwenda wapi. Msione haya. Mama yangu angeuliza, na mtu angemjibu tangu wakati wa baba, ningepona mapema.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule binti wa Iringa aliyesema hajui, na mzee wa sweta, na aliyenikata, na manesi. Namshukuru mume wangu kwa zile dakika tano alizozichana.

Na mama. Miezi michache iliyopita jirani yake Ifunda, mama mmoja mtu mzima, alivimba shavu. Mama alimshika kidevu kwa mikono miwili, akampeleka Iringa kwa yule binti. Wakakata, wakatoa kikopo, na jirani hakuweza kusafiri. Mama akasema atakipeleka yeye. Alipanda basi kutoka Ifunda mpaka Mbeya amekipakata mapajani, amekifunika na kitenge. Konda akamwambia, "Bibi, nipe hicho kimzigo nikiweke juu, utachoka." Mama akakikumbatia.

"Huyu hawekwi juu," akamwambia. "Huyu ni mtu."